Pasi Isiyo na Waya Si Ngeni Kihoto

Pasi isiyo na waya si ngeni Kihoto. Ipo chini ya meza ya fundi: nyeusi, nzito, ina mpini wa mbao na jogoo mdogo wa chuma anayefunga kifuniko, na tumbo lake hula makaa. Mama alinifundisha kuitumia kabla sijajua kutia uzi kwenye cherehani. Unaibembea penye upepo mpaka makaa yawe mekundu, unapuliza majivu, unaufuta uso wake kwa jani la mgomba, kisha unaigusisha kwanza kwenye kitambaa kikuukuu. Kikigeuka rangi, unasubiri.

Kwa hiyo binamu yangu anayeishi Marekani aliponipigia simu na kuniambia anataka kunitumia pasi isiyo na waya, jambo la kwanza lililonijia ni yule jogoo. Yeye alikuwa na maana nyingine. Kwake ni pasi ya umeme inayokaa juu ya kitako chake kama simu iliyo kwenye chaji. Kitako ndicho chenye waya. Pasi yenyewe unaiinua ikiwa huru, unafanya kazi yako, kisha unairudisha ipate moto tena. Washonaji wenzake wa mifarishi, alisema, wanaisifu sana. Aliniuliza nichague: anitumie ya aina gani?

Nilimwomba siku chache. Nimezitumia siku hizo kufikiri kwa penseli na karatasi, na nimeona niandike nilichokipata, kwa sababu swali hili si langu peke yangu. Mafundi wengi wa Naivasha na Nakuru wana ndugu ng'ambo, na matangazo ya pasi hizi yanaingia kwenye simu za kila mtu.

Kihoto ni mtaa wa Naivasha ulio upande wa ziwa. Jina lake linafanana na neno la Kikikuyu kihooto, yaani haki, au hoja iliyoshinda. Wakazi wake wengi wanaishi kwa mashamba ya maua, uvuvi na biashara ndogondogo, na kazi ya fundi hufuata maisha hayo: sare za shule zikikaribia Januari, aproni na makoti ya kazini, suruali za mitumba za kupunguzwa kiuno, magauni ya vitenge ya harusi. Kila gauni la kitenge huacha mabaki. Kwa miaka mingi mabaki hayo yalikuwa ya kujazia mito au kufutia mafuta ya mashine. Sasa baadhi yetu tunayaunganisha kuwa mifarishi, yale mablanketi ya vipande vidogo vilivyopangwa kwa ruwaza, yakatiwa pamba katikati na kushonwa tena kutoka juu hadi chini. Baridi ya Naivasha, mji ulio karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, inaliheshimu blanketi la namna hiyo.

Asiyeshona mfarishi hadhani kwamba pasi ina kazi kubwa hapo. Ina kazi kubwa kuliko sindano. Ukishona shati, unaweza kuahirisha kupiga pasi mpaka mwisho na bado likavalika. Ukishona mfarishi, kila mshono unapaswa kulazwa kabla mshono mwingine haujaukatiza. Chukua safu moja ya vipande kumi. Ina mishono tisa. Kila mshono usiolazwa vizuri ukikunyima milimita moja tu, safu imepungua milimita tisa, karibu sentimita nzima, nayo inatakiwa kuungana na safu ya jirani ambayo haikupungua. Hapo ndipo pembe zinapokataa kukutana, na hakuna kuvuta kutakakoziponya.

Isitoshe, kuna kupiga pasi na kuna kukandamiza. Kupiga pasi ni kuiteleza, kwenda na kurudi, kama kwenye shuka. Kukandamiza ni kuishusha, kuhesabu moja mbili tatu, kuiinua, na kuishusha pengine. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyooka kama mpira ukiiteleza pasi juu yake. Mraba wako unageuka mkeka uliopinda. Mfarishi unataka kukandamiza. Hili ndilo linaloitetea pasi isiyo na waya, na nalikubali kabisa: kazi yetu ni ya sekunde tano hapa, sekunde tano pale, kisha kurudi kwenye cherehani. Pasi inayopumzika juu ya kitako kati ya mguso na mguso inaendana na mwendo huo.

Waya nao una makosa yake. Unakokota vipande ulivyovipanga kwa saa nzima na kuvichanganya. Unanasa kwenye kona ya meza. Unagusa uso wa pasi yenyewe, ganda linayeyuka, na siku moja shaba inachungulia. Katika kibanda chenye upana wa hatua tatu, ambamo mteja anapimwa, mtoto anacheza na makaratasi ya ruwaza yametandazwa sakafuni, waya uliopita katikati unaweza kuiangusha pasi ya moto kwenye mguu wa mtu. Mimi nina alama ya kuungua kwenye kifundo kutokana na waya. Sidharau sababu hizi hata moja.

Lakini joto nalo lina hesabu yake.

Pasi isiyo na waya haitengenezi joto ukiwa umeishika. Inalibeba tu, kama chungu kilichoepuliwa mekoni. Tuseme uso wake ni aluminiamu ya nusu kilo. Ili ushuke kutoka nyuzi 200 hadi nyuzi 150, kiwango ambacho pamba huanza kukudharau, utakuwa umetoa jouli zipatazo 22,500. Hizo ni sawa na sekunde 15 za pasi ya wati 1,500 iliyochomekwa ukutani. Baada ya hapo unakandamiza kwa uvuguvugu, hata kama taa ya kitako inakuonyesha kijani. Uso mzito zaidi hukupa muda zaidi, na ndiyo maana jambo la kwanza la kuulizia katika pasi hizi ni uzito wa chuma chake, kabla ya rangi na umbo. Zile nyepesi zinazosifiwa kwa kutochosha mkono ndizo zinazopoa upesi.

Mvuke ndio unaoiumbua zaidi. Kuyageuza maji kuwa mvuke kunakula joto vibaya sana: kila gramu inataka jouli zaidi ya 2,200, mbali na zile za kuyachemsha kwanza. Lile joto lote la nusu kilo ya aluminiamu linatosha kuvukiza maji yasiyofika vijiko viwili vya chai. Kwa hiyo pasi isiyo na waya inayojigamba kwa mvuke mkali inajila yenyewe. Ukiinunua, itumie ikiwa kavu, na uweke chupa ya kunyunyizia maji pembeni. Kwa mfarishi hilo si hasara. Mvuke unalegeza vipande vya mshazari, na matundu ya mvuke usoni mwa pasi huacha mapengo yasiyokandamizwa, hasa pale ambapo mshono wako ni wa milimita sita tu. Tena maji ya visima vyenye chumvichumvi huacha ukoko ndani ya matundu hayo, na siku ya kazi ya rangi nyeupe ukoko huo ndio unaomwagika.

Sasa ilinganishe na pasi ya jogoo. Gramu 100 za makaa, yaani kiganja kimoja, zina nishati ya takriban jouli milioni tatu, zaidi ya mara 100 ya lile joto la aluminiamu. Sehemu kubwa hupotea hewani, ni kweli, lakini hata kinachobaki kinatosha kukupitisha safu baada ya safu bila kuirudisha pasi mahali popote. Bibi zetu waliishi na pasi isiyo na waya ambayo haikuhitaji kitako kwa sababu moto ulikuwa ndani yake. Tangu Henry Seeley wa New York alipopata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882, mafundi wa umeme wamekuwa wakihangaika na tatizo ambalo makaa hayana: jinsi ya kuufikisha moto mkononi bila kamba.

Mtu ataniuliza, kwa nini wasitie betri ndani? Piga hesabu. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Pasi ya wati 1,000 ikiivuta mfululizo itaimaliza kwa dakika 36, na itakuwa imeiharibu. Hakuna atakayekandamiza mshono akiwa amebeba betri ya gari. Zipo pasi ndogo za betri zenye uso wa upana wa vidole viwili, nazo zinafaa kwa kona za ruwaza na kazi za mapambo, lakini si za sare ya shule. Wale wenye sola ndogo za taa na simu wasidanganywe: mfumo huo hauwezi kupasha pasi ya kweli.

Hata hivyo simpendekezei mtu arudi kwenye makaa kwa sababu ya ubingwa wake wa joto. Makaa yana gharama tunayoifahamu. Serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya gunia iliwauma mafundi kama ilivyowauma wapishi. Majivu hudondoka kwenye shati jeupe, na cheche moja ikidondoka kwenye polyesta ni tundu. Jambo lililo zito kuliko hayo yote ni hewa. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na usiku wa Julai, baridi inapokaza na fundi akafunga dirisha ili amalize oda, hewa hiyo huua. Pasi ya makaa ipigwe mlango ukiwa wazi. Usiipashe ndani na mtoto amelala humo humo.

Halafu kuna ziwa. Ziwa Naivasha ni la maji baridi, halina mto unaotoka nje juu ya ardhi, na mito Malewa na Gilgil inaendelea kulijaza. Lilipopanda mwaka 2020, na likapanda tena mwishoni mwa 2025, liliingia Kihoto, likaingia nyumbani kwa watu, na familia nyingi zikahama. Fundi anayehama kwa mashua au mkokoteni huokoa vitu kwa mpangilio: watoto, stakabadhi, kisha cherehani. Mwenye cherehani ya mguu na pasi ya jogoo anaweza kufungua kazi kesho yake chini ya turubai la jirani. Mwenye vifaa vya stima peke yake anasubiri soketi. Na asichomeke chochote kwenye soketi iliyofikwa na maji mpaka fundi wa umeme aikague, hata ikiwa inaonekana imekauka. Kwa sababu hii pasi ya mama yangu haitatupwa wala kuuzwa kama chuma chakavu. Inakaa chini ya meza, imefutwa na kupakwa mafuta kidogo, ikingoja.

Kukosa stima kunaniuma kwa namna ya pekee tukikumbuka mahali tulipo. Ng'ambo ya ziwa, Olkaria, mvuke unatoka ardhini wenyewe. Mtambo wa kwanza huko, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini unaipa Kenya karibu nusu ya stima yake. Tunakaa jirani na pasi kubwa kuliko zote, na bado kuna mafundi wanaonunua makaa kwa mkebe kwa kuwa uniti za tokeni zimeisha katikati ya oda. Pasi ya wati 1,000 ambayo kidhibiti chake kinawaka na kuzima nusu kwa nusu hula takriban nusu uniti kwa saa. Kila fundi aizidishe kwa bei anayolipa na kwa saa zake za kazi, aiweke kwenye bei ya kushona. Wengi wetu tunahesabu uzi, vifungo na zipu, lakini pasi tunaigawa bure.

Nirudi kwa binamu yangu na sanduku lake. Kuna sababu moja iliyonifanya nikatae, nayo haina uhusiano na waya. Stima ya Marekani ni volti 120. Yetu ni 240. Mtu hufikiri kwamba volti zikiongezeka mara mbili, moto huongezeka mara mbili. Sivyo, huongezeka mara nne. Pasi iliyotengenezwa kutoa wati 1,500 kule itajaribu kutoa wati 6,000 hapa na kuvuta ampea 25 kwenye plagi ambayo fyuzi yake ni ya 13. Ukiwa na bahati, fyuzi inakatika. Ukikosa bahati, waya mwembamba wa ekstensheni ndio unaowaka, na ekstensheni za vibanda vyetu tunazijua. Pasi za Japani, ambako pasi zisizo na waya zinapendwa mno, ni za volti 100. Hizo ni balaa zaidi. Kifaa cha kushusha volti kinachoweza kuhimili pasi ni kizito kama jiwe la kusagia, na bei yake inakununulia pasi nyingine ya hapa hapa.

Niliwahi kuuziwa pasi ya namna hiyo, mtumba, kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Ilikuwa imebadilishwa plagi ikawekewa ya pini tatu za mraba, ikapendeza. Ilidumu chini ya dakika moja. Ilinguruma, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikafa, na muuzaji akasema vitu vya mtumba havirudishwi. Nilikuwa na magauni manne ya wasimamizi wa harusi mezani. Usiku ule niliyamaliza kwa pasi ya jogoo.

Basi fundi wa Kihoto anunue nini? Nitasema ninavyoamini. Kama pesa ni za pasi moja, nunua ya waya: nzito, kavu au yenye mvuke unaoweza kufungwa kabisa, uso wake mpana usio na mikwaruzo, ncha yake nyembamba. Kisha utundike waya juu. Piga msumari au ndoano kwenye boriti iliyo juu ya meza ya pasi, pitisha waya hapo kwa kipande cha lastiki pana ya kiunoni, ili uvutike unaposogea na urudi unapoacha. Viwanda vya nguo huzining'iniza nyaya za pasi kwa njia hiyo hiyo. Waya unaoshuka kutoka juu haukokoti vipande, hauguswi na uso wa moto, haumnasi mtoto. Karibu kila faida unayoitafuta kwa kununua pasi ya kitako unaipata kwa lastiki na msumari, na moto haukatiki.

Meza nayo ni sehemu ya pasi, ingawa ni wachache wanaolifikiria hilo. Ubao ulioviringishiwa blanketi kuukuu la sufu, ukafunikwa na shuka la pamba, hurudisha joto juu na kukandamiza mshono pande zote mbili. Sponji huufanya mshono uzame. Uweke ubao huo kando ya cherehani, kimo cha kiti, uweze kukandamiza bila kusimama. Kipande kikubwa usimame.

Pasi isiyo na waya ninamruhusu mtu mmoja aichukue: mwenye pasi nyingine tayari, mwenye stima ya kutegemewa, anayeshona vipande vidogo kutwa nzima. Huyo itamfurahisha. Afundishe mkono wake kuirudisha kwenye kitako kila baada ya mshono mmoja au miwili, asikubali kuishikilia huku akiongea na mteja, na akumbuke kwamba kitako kina moto hata pasi ikiwa haipo juu yake.

Yeyote atakayenunua yoyote, vitambaa vyetu vimeingia hila. Vitenge vingi sokoni vinaitwa pamba ilhali ni polyesta. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, uziwashe kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, polyesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Zile nukta kwenye pasi zina maana kamili: moja ni nyuzi zisizozidi 110, mbili 150, tatu 200. Pamba inastahimili tatu. Polyesta usiivushe mbili, na ukichanganya vitambaa hivyo katika mfarishi mmoja, mnyonge ndiye anayeamua moto. Vifue kwanza, kila kimoja peke yake, vitoe wanga wa kiwandani na rangi iliyozidi, vijikunje vikiwa bado havijakatwa.

Binamu yangu nimemjibu jana. Nimemshukuru, nikamwomba pasi aiache huko huko. Badala yake anitumie kile kisu cha gurudumu cha kukatia kitambaa, pamoja na rula yake ya plastiki, vitu visivyojua volti.

Nawe fundi unayesoma haya ukiwa njiani kwenda dukani, usisomewe sanduku na muuzaji. Igeuze pasi mwenyewe, tafuta kile kibandiko kidogo, na usilipe mpaka uone kimeandikwa 220–240V.